Figo za Mtu wa Tano

Nyumba ya Kona, Mlango wa Bluu,
Nyuma ya Zahanati.
Jumatano, tarehe 14, asubuhi.

Mpendwa mjukuu wangu Msomi,

Hujambo wewe? Nakuuliza afya yako kwanza kwa sababu nililelewa kwa adabu, si kwa sababu umestahili. Unakula? Kile kikohozi kimekuachia? Natumaini unaivaa fulana niliyokufumia, hata kama mikono imezidi urefu. Na sisi huku wazima. Ningependa kuishia hapo, lakini utaona mwenyewe herufi zangu zinavyopanda na kushuka. Si uzee. Naogopa, mjukuu wangu.

Mara ngapi umenitania kwamba mimi na kompyuta ni kama paka na maji? Kaa chini basi. Leo nina neno na kompyuta yako.

Ile programu uliyoiandikia zahanati yetu imeanza kazi wiki iliyopita. Mtaa mzima nilishautangazia kwamba ni ya mjukuu wangu, na siku ya kupimwa nilisimama kwenye foleni kama bibi harusi. Tulikuwa wanane. Wa nne mke wa fundi baiskeli, wa tano mimi, wa sita muuza maziwa, wa mwisho kinyozi. Kila mmoja anapimwa vitu vitatu: wingi wa damu, sukari, na figo.

Mke wa fundi baiskeli alichomwa sindano mkono huu, akachomwa mkono ule, mshipa hauonekani. Akaambiwa arudi wiki ijayo. Halikutoka hata tone. Nilikuwa nyuma yake, namcheka.

Jumatatu tukapewa karatasi za majibu. Yangu ikasema sina tatizo lolote. Nilimwonyesha kila aliyepita, hata asiyeuliza. Jana yule mke wa fundi akanijia mbio na karatasi yake: "Mama, mashine ya mjukuu wako kiboko! Damu yangu haijaiona, figo zangu imezijua!" Karatasi inasema figo zimechoka vibaya, aanze dawa mara moja, na dawa kapewa.

Yeye alikuwa anacheka. Mimi niliitazama miguu yangu. Imevimba tangu mwezi jana, viatu vimenikataa, na kila anayeuliza namwambia ni joto.

Nikamfuata dada yako pale zahanati, kwenye hiyo kompyuta anayofanyia kazi. Akafungua, akatazama, akahesabu foleni yetu kwa kidole. Kisha akanieleza polepole kama anayemlisha mtoto uji, lakini nilielewa kabla hajamaliza. Miaka thelathini nimefua nguo za hospitali. Mafurushi ndani ya mafurushi ndiyo yaliyowasomesha nyinyi.

Katika hiyo lugha yako ya kompyuta, ile ya takwimu, yenye jina la herufi moja kama vile aliyeianza alichoka njiani, majibu yamefungwa hivi: furushi kubwa la siku, ndani yake furushi dogo la kila mtu, ndani ya hilo majibu yake matatu. Bwana mkubwa wewe ukaona tabu kufungua moja moja. Ukaweka amri inayofungua mafundo yote kwa mpigo na kuyalaza majibu kwenye mstari mmoja mrefu, kisha programu inayagawa matatu matatu kwa kufuata foleni.

Na furushi la mke wa fundi, lisilokuwa na kitu? Mstari wako haukuliachia hata nafasi. Limeyeyuka kama halikuwahi kuwepo. Kwa hiyo majibu yangu yamekwenda kwake, ya muuza maziwa yamekuja kwangu, kila mtu kasogezewa ya jirani yake, na kinyozi kaambulia karatasi nyeupe. Maskini anadhani anafichwa ugonjwa.

Sisi madobi, kitanda kisichotoa shuka tulikifungia kitambaa kitupu, fundo moja, tukakiweka mahali pake ndani ya furushi la wodi. Aliyenifundisha hakujua kusoma hata jina lake. Wewe umekaa darasani miaka kumi na saba!

Dada yako anasema alikupigia simu ukamjibu umeijaribu na iko sawa. Uliijaribu kwa mafurushi yaliyojaa yote. Kufua nguo safi nani hawezi?

Basi dada yako akaanza kunisihi: "Bibi, usimwambie daktari mkuu. Tutairekebisha kimyakimya, jina la kaka litaharibika." Nikamkubalia. Nikarudi nyumbani, nikakaa na hilo jambo kutwa nzima kama kaa la moto mdomoni.

Nikwambie ukweli ambao sijamwambia mtu. Si jina lako tu nililokuwa nalilinda. Nikinyamaza, nina karatasi inayosema mimi ni mzima, yenye jina langu na mhuri. Nikisema, zile figo zinarudi kwangu. Babu yako aliondoka kwa ugonjwa huohuo, miguu ilianza hivihivi, na ni mimi niliyekuwa nikimvua viatu.

Leo asubuhi nimemkuta mke wa fundi uani, kikombe mkono huu, kidonge mkono ule. Alishameza vya siku mbili. Nikamrukia nikamnyang'anya, maji yakamwagika. Akashangaa: "Mama vipi, una wivu na figo zangu?"

Nikamwambia, "Ndiyo, maana ni zangu."

Hakucheka tena.

Nikimaliza kuandika nakwenda naye kwa daktari mkuu, yeye akatazamwe hivyo vidonge vimemfanya nini, mimi nitolewe damu upya. Nitasema programu imekosea na nitasema ni ya nani. Mtaa uliosikia majivuno yangu utasikia na hili. Dada yako alie tu, nitambembeleza baadaye.

Barua hii anakuletea fundi redio, anasafiri leo, kesho atakuwa mlangoni kwako. Simu zangu hupokei, mtu aliyesimama mbele yako utampokea. Ijumaa wanapimwa wafanyakazi wote wa kiwanda cha sabuni, watu mia na kitu. Usilale kabla hujairekebisha. Popote pasipo na kitu iandike kwanza "hakuna jibu", mara tatu, ndipo ufungue mafundo yako. Na ukishamaliza ijaribu kwa mafurushi matupu, mwanangu. Matupu.

Nisalimie mkeo, mwambie sijasahau kitambaa chake. Mjomba wako mpigie, anakuulizia. Shangazi yako mnene anakusalimu na kukupa pole, ingawa hajui ya nini.

Mungu akulinde na kila baya, akulinde na haraka zako pia. Kama nimekugombeza sana, ujue naogopa, na ninaogopa zaidi nikiwa peke yangu. Pokea simu.

Sasa napitia kwa muuza maziwa kumpa karatasi yake. Majibu ya wa saba yalimwambia ana kisukari, na tangu Jumatatu anakunywa chai bila sukari na amekuwa mkali, hapimi nusu lita bila kununa. Atafurahi, yeye ni mzima kabisa.

Ni mimi nikupendaye hata kiatu kikiwa mkononi,
Bibi yako, wa tano kwenye foleni.