Nishani ya Shemeji

9 Januari

Shemeji yangu,

Salamu nyingi baada ya kimya cha aibu. U hali gani? Wajukuu je? Mimi mzima, ila magoti yananitangulia kulalamika kila niinukapo. Najua ukiona mwandiko huu utajiuliza ni nani aliyefufuka. Ni mimi, Kapteni, rubani wa mumeo. Miaka arobaini na moja sijakuandikia hata mstari mmoja, na sina la kujitetea.

Nina shida, nisikufiche. Jeshi limefungua tena maombi ya nishani ya ushujaa kwa sisi wa vita vile, mpaka mwisho wa Septemba. Binti yangu amenijazia fomu. Unaijua safari ya mwisho ya mumeo, Fundi wetu wa ndege: tulitua kwenye kiwanja kifupi mabomu yakianguka, tukapakia majeruhi kumi na tisa, wote wakafika hospitali wakiwa hai. Wakati ule hakuna aliyetuambia hata ahsante. Sasa nina miaka sabini na sita, nimekula chumvi ya kutosha, na nataka kitu cha kuwekwa juu ya jeneza langu.

Kamati inataka ushahidi. Rubani msaidizi wangu, yule mrefu tuliyemwita Mlingoti, alifariki mwaka juzi. Kumbukumbu za kikosi zimeliwa na mchwa. Limebaki daftari la Fundi, lile aliloandika kila asubuhi kabla hatujaruka, kisha akaliacha kwenye kabati lake. Nafikiri limo katika sanduku lake uliloletewa. Naomba unitumie.

Shemeji yako


27 Januari

Shemeji,

Salamu zimefika. Sisi tupo. Macho yamepungua lakini cherehani bado naiendesha, nashona sare za shule na mapazia ya watu wasiojua kupima madirisha yao. Pole kwa magoti. Pole pia kwa Mlingoti. Yeye angalau alikuja kunipa pole mwaka ule. Alikaa sebuleni saa nzima akiangalia viatu vyake, akaondoka bila kugusa hata maji.

Daftari ninalo. Ukurasa wa mwisho unasema: injini zote mbili sawa, mafuta yamejaa, tunaondoka saa kumi na mbili na nusu.

Na mimi nina shida yangu. Ndani ya sanduku jeshi liliweka karatasi. Ilisema mume wangu aliteremka kwenye ndege bila amri na hakurudi, kwa hiyo ni mtoro. Nimeishi na neno hilo miaka yote hii. Jina lake halimo kwenye ukuta wa waliokufa vitani. Mwanangu alipokwenda kujiandikisha jeshini, karani alisoma faili kwa sauti mbele ya vijana wenzake. Mwaka huohuo akabadilisha jina. Kwenye kitambulisho chake, baba yake ni baba yangu mimi.

Mtu aliyekuwa akirudi jikoni mara tatu kuhakikisha jiko limezimwa, ndiye wa kutoroka? Niambie kilichotokea. Daftari nitalituma.

Shemeji yako


15 Februari

Shemeji yangu mpendwa,

Natumaini hujambo na cherehani haijambo. Nimefurahi kusikia daftari lipo salama.

Kuhusu Fundi, vita ni vita. Palikuwa na moshi, kelele, damu. Alishuka, na sikumwona tena. Ripoti iliandikwa harakaharaka, na neno lile hata mimi sikulipenda. Lakini tukianza kufukua makaburi leo, nani atafaidika? Nishani hii nitaivaa kwa niaba yetu sote, na yeye akiwemo. Mwambie kijana wetu hivyo.

Nangojea daftari.

Shemeji yako


2 Machi

Shemeji,

Hatujambo. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. "Ripoti iliandikwa." Kwani ilijiandika? Sahihi iliyo chini ni yako, nimeiangalia kuliko nilivyoangalia picha za harusi yangu.

Ukurasa wa kwanza wa daftari Fundi ameandika sheria yake: "Nikigonga ubao wa nyuma ya rubani mara moja, subirini. Nikigonga mara mbili, mlango umefungwa na mimi nimo ndani." Hata mpangilio wa sufuria zangu alitaka uwe na sheria, kwa hiyo sikushangaa. Ninauliza swali moja tu. Siku ile uligongewa mara ngapi?

Ndani ya bahasha nimekuwekea nakala ya ukurasa wa mwisho, yenye mhuri wa wakili. Kamati itaikubali. Nimetimiza langu kabla hujatimiza lako. Nakungoja.

Shemeji yako


30 Juni

Shemeji yangu,

Sijui kama ninayo haki ya kukuuliza hali. Miezi minne nimeanza barua hii na kuichana. Nakala yako ilifanya kazi. Nishani imekubaliwa, na sherehe ni tarehe 29 Agosti.

Mimi ndiye niliyemwamuru ashuke. Majeruhi mmoja alikuwa amebaki kando ya kiwanja, anajiburuta. Nikapiga kelele, "Fundi, mlete yule!" Akaruka chini bila kuuliza. Bomu likaanguka nyuma ya mkia. Nikasikia ubao ulio nyuma ya kiti changu ukigongwa mara mbili, nikasukuma injini. Sikugeuka.

Tukiwa juu, Mlingoti alikwenda nyuma, akarudi na habari. Mlango ulikuwa wazi. Aliyegonga ni majeruhi aliyekuwa akitapatapa sakafuni, kisigino chake kinapiga ubao. Mlingoti aliposema, niliendelea kukisikia: mara tatu, mara tano, mara kumi. Mimi nilisikia mbili kwa sababu nilitaka kusikia mbili.

Mlingoti alisema turudi. Mafuta yalikuwepo, umeona mwenyewe kwenye daftari. Nikakataa. Nilikuwa na watu kumi na tisa wanaovuja damu, na nilikuwa naogopa. Yote mawili ni kweli, na mpaka leo sijui lipi lilitangulia.

Jioni kamanda akauliza fundi wangu yuko wapi. Rubani anayeruka bila kuhakikisha mlango hupelekwa mahakama ya jeshi. Nikaandika kwamba aliteremka bila amri. Mlingoti alikuwa kando yangu nikiandika, akanyamaza. Walipomwita mtoro, na mimi nikanyamaza.

Barua hii ni yako. Ukiipeleka kwenye kamati, sitaikana. Kwenda mwenyewe sina ubavu. Binti yangu ameshaalika ukoo mzima, wajukuu wameshashonewa nguo. Nisamehe ukiweza.

Shemeji yako


11 Julai

Shemeji,

Hatujambo, na safari hii nasema hivyo kwa moyo. Nililia, nikanawa uso, nikasoma tena, nikalia tena. Hakutoroka. Nilijua siku zote, lakini kujua peke yako kunachosha. Kwa hilo nakushukuru, sikutanii.

Nilimsomea mwanangu kwenye simu. Akasema, "Mama, rudia pale pa amri." Nikarudia. Akasema tena, "Rudia."

Lakini nimeangalia chini ya barua. Umetia sahihi "Shemeji yako". Hakuna jina, hakuna cheo, hakuna namba ya jeshi. Nikienda nayo ofisini, karani ataniuliza, shemeji yupi? Watasema mjane kakaa na kalamu yake akajitungia. Fomu ya nishani hukuijaza hivyo, nina hakika. Huko jina lako liko kamili, kwa herufi kubwa.

Mwanangu ameniomba nisiiachie barua hii hata iweje. Nimemkatalia. Nakala pia sikutoa, maana karatasi isiyo na jina hata zikiwa kumi bado hazina jina. Nakurudishia ileile. Andika jina lako na namba yako, uipeleke kwa miguu yako mwenyewe kabla ya sherehe. Nishani yako siitaki, na sitaki uvuliwe. Nataka neno moja lifutwe kwenye faili, mwanangu aone.

Nimekuamini.

Shemeji yako


19 Julai

Shemeji yangu,

Salamu. Bahasha imefika, na barua yangu imo ndani.

Naomba kitu kimoja tu. Niache sherehe ipite. Binti yangu hajui lolote, na akijua sasa ataficha uso wapi mbele ya watu aliowaalika? Ikipita, wiki ileile nakwenda kwenye kamati. Jina nitaliandika hapohapo mbele yao. Naapa.

Shemeji yako


4 Septemba

Kapteni,

Afya yako siulizi, nimeiona gazetini. Mteja alileta kitambaa kimefungwa ndani ya gazeti hilo. Umesimama wima, mkuu wa majeshi anakubandika nishani kifuani, binti yako yuko kando anafuta machozi. Ni picha nzuri. Nguo za wajukuu zimekatwa vizuri pia.

Chini ya picha wameandika maneno uliyowaambia waandishi wa habari. Nilidhani ni macho yangu, nikampa mteja anisomee. Akasoma: "Siku ile sikumwacha mtu hata mmoja." Akasema, mzee huyu shujaa kweli. Nikampima kiuno, nikaandika vipimo, nikamwambia aje Ijumaa.

Mwanangu naye ameiona. Hakunilaumu. Aliuliza tu barua ile iko wapi, nikasema nimerudisha, akasema, "Sawa, mama." Tangu hapo hapokei simu yangu. Kosa hilo ni langu, sikubebeshi. Nilikuwa nimelishika jina la baba yake mikononi siku chache, nikalitia stempu nikalirudisha kwako.

Kesho nakwenda kwenye kamati na daftari. Najua watakavyoniuliza. Shahidi wako nani, mama? Nitawaonyesha gazeti. Watanitoa, nami nitarudi kesho yake, mpaka Septemba iishe, na ikiisha nitatafuta ofisi nyingine. Kwa wateja nimeshaomba radhi kuwa sare zitachelewa.

Usiniandikie tena. Ofisi inafunguliwa saa mbili, nitafika saa moja.

Mke wa Fundi