Karti ya Papa Ramazani

Jumanne, baada ya magaribi

Kwa biro yetu kazini, ordinatere zote ine, kompyuta tunazofanyia kazi, zinatumia mashine moja ya kuchapa karti za kazi, na waya wake umeingia kwa ile yangu. Karti yoyote ikitoka, mashine inaandika jina langu kuwa njo mimi niliituma, hata kama mwenzangu njo alituma.

Leo saa tisa ikatoka moja, mimi sijagusa kitu. Sura ya kwenye picha siijui. Jina njo la Papa Ramazani, mulinzi wetu tuliyemuzika mwezi uliopita.

Nikauliza nani ametuma. Wenzangu wote watatu wakatazama skrini zao. Mama Furaha peke yake kati yao akasema, bila kuinua kichwa, "Dada Asha, irudishe pale ulipoitoa."

Wakati wa vita, baba alichukuliwa na askari kwa bariere ya barabarani, juu ya kukutwa na karti ya muntu mwingine. Hakurudi.

Nikairudisha kwa mashine. Nilipotoka chooni haikuwa tena pale.

Saa kumi na moja, nikifunga biro, muntu wa ile picha alikuwa amesimama mulangoni. Akanipa mukono. "Aksanti kwa karti, Mama Asha," akasema. "Wameniambia njo wewe uliitengeneza."