Wiki Mbili za Kuchagua Fimbo

Jumapili, alasiri. Mvua inanyesha hapa mtaani Pioneer tangu tutoke kanisani na haina dalili ya kuacha. Nimekaa kwenye kiti kimoja, miguu iko juu ya kingine, na kila goti limefunikwa kitambaa cha maji ya moto. Asubuhi mchungaji aliposema tupige magoti, mimi nilibaki wima kama nguzo ya stima. Mama aliyekuwa nyuma yangu alidhani nimemkasirikia Mungu.

Sijamkasirikia. Nilijua tu kwamba nikishuka, itabidi watu wanne waninyanyue.

Shajara, nikuambie ukweli wote, maana kuna watu wa kanisani wanaosoma blogu hii na tayari wanaisimulia hadithi kwa namna yao. Wengine wanasema nilianguka mlimani. Sikuanguka. Nilipungua.

Nilichotaka kilikuwa kitu kidogo sana. Nilitaka kutembea na mke wangu.

Mama Nekesa ni mwalimu wa shule ya msingi. Kitinda mimba wetu alipoenda chuo na nyumba ikanyamaza, alijiunga na kikundi cha kanisani kinachopanda na kushuka milima Jumamosi moja kila mwezi. Nilienda nao mara moja, mwanzoni mwa mwaka. Kupanda nilipanda. Kushuka, magoti yalikataa katakata, nikateremka sehemu kubwa ya njia kwa makalio na kufika chini suruali ina dirisha. Tangu siku hiyo kila Jumamosi ya kutembea ikanikuta na kazi. Mimi ni karani katika duka la pembejeo za kilimo, na sijui duka gani lingine nchini linalohesabu mifuko ya mbolea mara nyingi kama letu.

Yeye alikuwa akirudi jioni na vumbi hadi kwenye nyusi, akicheka. Anaanza kunisimulia, kisha katikati ya hadithi ananitazama na kusema, "Wacha tu. Ungekuwepo ungeelewa."

Hilo neno liliniuma kuliko magoti.

Halafu mwezi uliopita akaja na habari za Bwana Kirwa. Huyu ndiye kiongozi wa kikundi. Enzi zake alikuwa mkimbiaji, kama nusu ya wanaume wa mji huu wanavyodai, ila yeye ni kweli. Ana miaka sitini na kitu na miguu ya kijana wa sekondari. Ana pia fimbo mbili za kupandia milima alizoletewa na binti yake kutoka ng'ambo, nyeusi na nyembamba, zinazokunjika zikaingia kwenye begi. Mke wangu akiwa anavua viatu aliniambia kwamba alishuka mlima na moja ya fimbo hizo. "Ni light, Baba Nekesa! Unaweza fikiria hujashika kitu."

Mke wangu ameshuka mlima na fimbo ya mwanamume mwingine.

Najua inavyosikika. Najua pia kwamba Bwana Kirwa ni mzee wa kanisa, ana wajukuu saba, na hajawahi kumtazama mtu vibaya. Lakini niliona wivu, naandika hapa bila kupamba. Jioni hiyo nilikula ugali na sikumbuki mboga ilikuwa nini.

Kwa hiyo nikaamua kununua fimbo zangu, na ziwe nyepesi kuliko za Kirwa. Kwa wiki mbili nilisoma habari za fimbo kwenye simu nikiwa kaunta. Nilijifunza kwamba kuna za alumini na kuna za kaboni, kwamba mshiko wa koki, ile ya vizibo vya mvinyo, haulowi jasho, kwamba kuna zinazokazwa kwa kuzungusha na kuna zinazobanwa kwa klipu pembeni. Mkulima mmoja wa Burnt Forest alikuja kununua dawa ya viazi, akaondoka akijua kwamba alumini ikizidiwa hupinda na kaboni huvunjika. Dawa aliisahau. Ilibidi arudi kesho yake.

Mjini kuna duka linalouza mahema na viatu vya safari. Dada wa hapo alikuwa mvumilivu. Alinionyesha za alumini zenye klipu, akazibana, akaziegemea kwa uzito wake wote. Kisha akaniangalia tumboni, kwa heshima, akasema, "Kwa mtu kama wewe, sir, hizi ndizo ziko sawa. Haziteremki."

Mimi nilichosikia ni "kwa mtu kama wewe."

Nikauliza nyepesi kabisa ni zipi. Akanitolea za kaboni, za kukazwa kwa kuzungusha, gramu mia mbili kila moja. Nikamuuliza ana uhakika gani. Akasema imeandikwa kwenye boksi. Na mimi nimekaa kwenye biashara ya mifuko miaka kumi na tisa, najua yanayoandikwa nje na yanayokuwa ndani. Nikamwachia kitambulisho na simu, nikapanda bodaboda na zile fimbo hadi mtaa wa Huruma, kwa Njoroge mwenye bucha, kwa sababu yeye ana mizani ya kidijitali na hajawahi kunipunja.

Foleni ilikuwa ndefu. Nilisimama na fimbo zangu kati ya watu wa nusu kilo. Zamu yangu ilipofika nilizilaza kwenye mizani. Mia nne na sitini, zote mbili.

"Alisema mia nne!" nilipiga kelele. "Hizo sitini zimetoka wapi?"

Njoroge aliinua fimbo, akaokota kipande cha mafuta kilichokuwa kimebaki kwenye sahani, akazirudisha. Mia nne kamili.

"Mwambie akuongezee mfupa," mama mmoja alisema nyuma yangu.

Njoroge akanielekezea ncha ya kisu tumboni. "Sasa Baba Nekesa, hizo mia nne tumepima. Na hii mzigo ingine, tuweke kwa mizani ama tuache tu?"

Bucha nzima ilicheka. Nikarudi mjini nikazinunua hizo hizo za kaboni, kwa hasira kidogo.

Alhamisi jioni nilizijaribu hapa mtaani. Vijana wa bodaboda wa stejini hapa huniita boss. Siku hiyo, waliponiona na fimbo mbili, nilikuwa Mzee. Mmoja alizima pikipiki kabisa. "Mzee, ni ajali?" Nilimwambia ni mazoezi. "Sawa Mzee. Mungu ni mwema." Mama anayeuza sukuma wiki alininyanyulia stuli yake. Mji huu wa wakimbiaji una nafasi mbili tu kwa mwanaume: ama unakimbia, ama umezeeka. Ukitembea haraka na fimbo mbili hawajui wakuweke wapi.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuruka.

Zile fimbo, kila nilipozungusha viungo vyake ili kuzirefusha, zilikwaruza. Kwi, kwi. Kelele ndogo, lakini kichwani mwangu nilimwona Kirwa akiisikia. Na huku kwetu kila nyumba ina kopo la mafuta ya kukamulia. Yametengenezwa kwa ajili ya chuchu za ng'ombe, zisichubuke, lakini sijaona kitu ambacho watu hawayapaki: midomo, visigino, bawaba za milango, miguu ya watoto wakati wa baridi. Mimi mwenyewe nayauza. Basi nikafungua viungo vyote, nikapaka ndani kwa ukarimu, nikapangusa vidole kwenye suruali na kuzungusha tena. Kimya. Laini kama siagi. Nilijiona fundi.

Ndipo ikaja jana.

Tulifika ukingoni juu ya bonde la Kerio jua likiwa bado changa, watu kumi na wanne pamoja na chapati. Bwana Kirwa alinipa mkono, akazitazama fimbo, akasema, "Umechagua vizuri. Carbon." Nilikaribia kumkumbatia. Akatukumbusha kwamba wakati wa kushuka fimbo hurefushwa. Nikazirefusha zangu, nikazikaza kwa nguvu zote, tukaanza.

Dakika kumi za kwanza zilikuwa nzuri mno. Nilitembea bega kwa bega na mke wangu. Alinionyesha jiwe ambapo mwezi uliopita mwenzao alikalia begi la mayai, akacheka, na mara hii nilicheka naye nikijua jiwe lenyewe. Magoti yalinyamaza. Nilijiambia kwamba wiki mbili hazikupotea.

Halafu nikaona mshiko uliokuwa usawa wa kiwiko uko usawa wa kiuno.

Nikasimama, nikarefusha, nikakaza. Hatua tatu, fimbo ikajimeza tena. Nikarefusha. Ikajimeza. Kila nilipoegemea, inaingia ndani yake taratibu, bila kelele yoyote, laini kama siagi. Mama mmoja alikuwa akipanda kutoka bondeni na beseni la maembe kichwani. Alitusalimia sote bila kuhema, akazitazama fimbo zangu kwa huruma, akapita. Tulipofika kwenye mawe, pale njia inapochongoka kweli, nilikuwa nimeshika vitu viwili vyenye urefu wa mwiko.

"Baba Nekesa, umeangusha nini?" mke wangu aliuliza.

"Naangalia njia."

"Na mbona umeinama hivyo?"

"Ndiyo style yake."

Hatua iliyofuata goti la kulia lilikataa nami nikakaa chini kwenye jiwe. Narudia, nilikaa. Bwana Kirwa alikuja, akachukua fimbo moja, akaivuta, akaisukuma, ikaingia kama droo. Akafungua kiungo, akanusa. Kirwa amekamua ng'ombe tangu utotoni.

"Hii ni mafuta ya kukamulia," alisema polepole. Kisha, kwa uso wa mzee wa kanisa: "Baba Nekesa, kwani ulikuja kukamua nani?"

Watu walikaa chini kucheka. Kirwa mwenyewe alishika jiwe. Mimi pia nilicheka, nikiwa wa mwisho, na ndani yangu nilikuwa na aibu ya kutosha kujaza bonde lile. Aliponyoosha fimbo yake moja na kusema, "Shika yangu," niliikataa. Alinitazama mimi, akamtazama mke wangu, kisha akawaambia wengine watangulie, chai itapoa. Ana akili yule mtu. Sikutaka kukubali lakini anayo.

Tukabaki wawili. Nilimwambia mke wangu aende nao, mimi nitashuka taratibu, hata kwa makalio, njia yake naijua. Nilisema nikitazama viatu vyangu kwa sababu nilikuwa karibu kulia. Mtu wa miaka hamsini na tatu.

Hakuenda. Alikaa kwenye jiwe kando yangu, akanyoosha miguu.

"Unajua kwa nini nilishika fimbo ya Kirwa?" alisema. "Magoti. Yangu pia yananiuma. Tangu mwaka jana."

Nilimuuliza mbona hakuniambia.

"Ningekuambia, ungesema basi tukae nyumbani sisi wote. Na wewe ukishakaa, hutoki."

Nilitaka kubisha. Shajara, nilifungua mdomo kabisa. Lakini ndivyo ningesema, neno kwa neno, na ningesema kwa furaha. Wakati mimi nilijificha nyuma ya mifuko ya mbolea ili asione magoti yangu, yeye alipanda milima ili mimi nisione yake.

Akainuka, akauchukua mkono wangu, akauweka begani kwake. Tulishuka hivyo. Pale njia ilipokuwa pana tulikwenda sambamba, na ilipobana alitangulia nami nikamfuata nimemshika. Kila baada ya mawe machache mmoja wetu alisema "goti," na tukasimama. Tulitumia muda mara mbili ya wengine. Tulipofika chini chapati zilikuwa zimeisha, na Bwana Kirwa alikuwa ametufichia mbili ndani ya kofia yake.

Sasa hivi mke wangu yuko kibarazani. Amezifungua zile fimbo vipande vipande ndani ya beseni la maji moto na sabuni ya unga, anazisugua kwa brashi ya chupa, na amenikataza kusogea na kopo lolote. Moja amekwisha kuisuuza na kuiunganisha. Ameizungusha ikakwaruza, kwi, akaiegemea kwa uzito wake wote, ikasimama. Ameifunga uzi mwekundu juu ya mshiko.

Nimemuuliza uzi ni wa nini.

"Hii ni yangu," amesema. "Hiyo ingine ni yako."

Nimemwambia watu hushika mbili, moja kila mkono. Nimesoma wiki mbili, najua.

"Na mimi utanishika kwa mkono gani?"

Hilo sidhani limeandikwa kwenye boksi. Zote mbili ziko mlangoni sasa, yake fupi kidogo kuliko yangu, zinadondosha maji kwenye zulia. Mwezi ujao kikundi kinatembea tena na mifuko ya mbolea itajihesabu yenyewe. Sijui magoti manne yenye umri huu yatafika wapi, ila safari hii yataondoka nyumbani pamoja.