Mkebe wa Halua na Ruhusa ya Kufunga

Mama yangu mpenzi, Bi Zuhura,

Assalaam alaykum. Naanza kwa kuulizia goti lako, kisha watu wote wa hapo Langoni, kisha yule paka wako mwizi. Mimi ni mzima, nimenenepa, na uzuri umezidi. Watu wa Nairobi wanakuja karakana kununua milango ya nakshi, wanaishia kumtazama fundi.

Najua unaruka mistari ukitafuta habari ya tumbo. Tulia, naifikia. Ina aibu kidogo, lakini wewe ndiye uliyenifulia nepi, huna haki ya kuona kinyaa.

Ramadhani iliyopita daktari alinikataza kufunga kwa vile utumbo ulikuwa na vidonda na nilikuwa nikitoka damu. Nilikula mchana nimejificha nyuma ya mbao. Mwaka huu, Shaabani ilipoingia, nikamwendea. "Daktari, siumwi tena. Niruhusu."

"Tumbo linaweza kunyamaza na ndani bado kunawaka," akasema. "Tupime kwanza."

Nikajua ni ile kamera ya kuingizwa mlango wa nyuma, nikaanza kutafuta viatu. Akacheka. "Keti, bwana. Safari hii nataka damu kidogo ya mkononi, na choo chako."

Sasa sikiliza elimu ya mtoto aliyeacha shule kidato cha pili. Utumbo ukivimba, chembe nyeupe za damu hukimbilia huko kupigana, na huacha protini inayotoka na choo. Inaitwa kalprotektini. Nalitaja bila kujiuma ulimi, mwambie mwalimu wangu wa sayansi. Namba ikiwa juu, huenda vita bado viko. Ikishuka, utumbo umetulia.

Nikapewa kikopo chenye jina langu. Nikakijaza asubuhi, nikakifunga mifuko mitatu. Lakini kukipitisha mtaani mkononi? Mimi, na kanzu hii? Nikachukua ule mkebe wa halua ulionitumia, mtupu, nikakitia ndani, nikaufunga kwa leso yako vile vile ulivyoufunga wewe, nikauweka kwenye friji na kwenda kuoga.

Kutoka, Shee wa Chundwa ninayekaa naye keshaita jirani wawili wa Pate. Kahawa imemiminwa. Mkebe uko katikati ya mkeka.

"Umeletewa mzigo wa nyumbani ukauficha!" akanifokea. "Halua ya Bi Zuhura hailiwi peke yako, we mchoyo. Ndoo hapa, uketi nasi!"

"Shee, usifungue."

"Kwani kuna dhahabu?"

"Kuna mimi."

Hakusikia. Mfuko wa kwanza, wa pili, "Mamako hufunga mzigo kwelikweli," wa tatu. Akainua kikopo kwenye mwanga, akasoma jina langu, umri wangu, na chini yake: CHOO.

Mama, watu wa Pate ni wepesi! Mmoja alipitia dirishani. Shee alinawa mikono mpaka sabuni ikaisha. "Wallahi," akasema, "sitakula halua tena mpaka harusi yangu."

Kikopo kilifika maabara salama. Lakini siku za kungoja majibu sikutamba hata kidogo. Niliharibu ubao mzima wa mvule kwa kuchonga jani kinyume. Namba ikija juu, ni kamera tena, na Ramadhani ya pili inanipita.

Daktari akaigeuza karatasi nione. "Imeshuka, na damu iko sawa. Funga. Dawa zote unywe, magharibi na daku. Ukiona damu au ukiharisha, unafungua na kunipigia. Sitaki ubingwa."

"Mimi bingwa tangu kuzaliwa."

"Ndiyo maana nimekuandikia kwa herufi kubwa. Baada ya Idi uniletee kikopo kingine."

Nilitoka pale nikimsalimia kila mtu, hata askari wa geti ambaye hunichukia.

Nisalimie Baba Mdogo Famau, mwalimu wa madrasa, na dada Mwanaesha aliyeolewa Mtangawanda, mwambie mdogo wake amempita kwa sura na sasa kwa swaumu. Bibi Khadija, mama yake baba, mwambie tangawizi yake nainywa, lakini vidonge siviachi.

Yeo ni siku ya tatu ya mfungo, saa kumi na moja jioni. Mdomo umekauka, Shee anakaanga sambusa, harufu inanitesa. Nina njaa, Mama. Sijapata kuipenda njaa namna hii.

Mwanao aliyefunga,
Athmani