Maelezo ya Marsela Qamara Kuhusu Wageni Saba wa Nainokanoka

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo kidogo cha polisi, barabara ya Karatu–Ngorongoro
Tarehe 10/6/1982, saa 8.15 mchana

Jina: Marsela Qamara. Umri: miaka 36. Kabila: Mwiraqw. Dini: Mkristo. Kazi: mwalimu wa shule ya msingi. Makazi: Qurus.

Mimi ndiye mwenye jina lililotajwa hapo juu. Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nakubali kueleza ninachojua kuhusu Naipanoi, mfugaji wa Nainokanoka, aliye mahabusu tangu jana kwa tuhuma za kuua watu wanne. Nimeambiwa kesho anapelekwa Arusha. Naomba afande aandike pole pole, kwa sababu hakuna mtu aliyekufa.

Mwaka jana lilitokea gugu ambalo hatukuwahi kuliona. Majani yake yana miiba, ua lake ni la njano, laini kama karatasi, na ukilivunja linatoa utomvu wa njano. Lilikuja na mbegu za ngano, likapanda malori hadi mlimani. Ndama wakilila wanaugua. Ni zuri, afande, hilo nalo liandikwe. Asubuhi ya ukungu kule Nainokanoka huoni boma wala ng'ombe, kengele zao tu unazisikia, halafu mbele yako njano inaelea peke yake, na unasimama umesahau ulikuwa unakwenda wapi. Nimeiota njano hiyo mara nyingi. Ndotoni huwa siikati.

Mnamo tarehe 6/2/1982, saa nne asubuhi, niliwakutanisha darasani kwangu watu ishirini na watatu, wakulima wa Qurus na wafugaji wa juu, wote wa kujitolea. Niliwapa kazi moja. Ukiliona, likate shingo, yaani pale chini ya ua, kabla mbegu hazijamwagika. Lichome. Kisha niandikie idadi na mahali. Barua huja na lori lolote linaloshuka, nami natia alama kwenye ramani niliyoichora nyuma ya kalenda. Kwa Kiiraqw gugu hilo halikuwa na jina, kwa Kimaasai pia halikuwa nalo. Naipanoi, ambaye namwita yeyo kwa kuwa ni rika la mama yangu, alisema, "Hii ni mgeni." Watu wakacheka, jina likabaki.

Kosa langu linaanzia hapo. Yeyo alijifunza kuandika kwenye kisomo cha watu wazima. Barua yake ya kwanza ilisema: "Wageni imeota tano kando ya maji." Mimi ni mwalimu, ugonjwa wangu ni kalamu nyekundu. Nilimrudishia barua imesahihishwa. Nilimweleza kwamba mgeni ni mtu, na mtu haoti, kwa hiyo aandike: "Wageni wamefika, watano." Akashika. Ana bidii kuliko wanafunzi wangu wote. Kila barua ilikuja safi kuliko iliyopita, nami nikaona fahari, nikawasomea walimu wenzangu ofisini.

Juzi, tarehe 8/6/1982, lori lililobeba barua yake lilisimamishwa kwenye kizuizi cha polisi, likapekuliwa. Nimeonyeshwa barua hiyo leo na nautambua mwandiko. Inasema: "Mwalimu, wageni saba wameingia kwa lori. Wamevaa njano. Wanne nimewakata shingo na kuwachoma, kama ulivyotuagiza. Watatu wamejificha kwenye mawe, nitawamaliza Jumamosi." Haina kosa hata moja la sarufi. Nilipoisoma mbele ya afande nilicheka, kisha nikalia.

Nimeambiwa alipoulizwa kama ni kweli amewakata, alijibu, "Ndiyo, nimewakata." Alipoulizwa miili iko wapi, akasema, "Imebaki majivu. Uliza mwalimu." Hakujua anaulizwa nini. Ningemwachia Kiswahili chake, askari wa kizuizini angesoma "wageni imeota," angecheka na kuliachia lori. Mama wa watu amelala sakafuni kwa ajili ya kalamu yangu, na naona aibu kubwa.

Nimekabidhi barua zake zote kumi na moja, ramani, na ua moja lililokaushwa ndani ya daftari.

Leo saa saba na nusu mchana, nikisubiri kaunta, alipitishwa akitoka chooni. Shuka lake lilinuka moshi wa kuni mbichi, na kwa kitambo nikahisi niko juu, ukungu umetufunika sote, pamoja na askari. Nikasema, "Shikamoo, yeyo." Akasema, "Marahaba, mwalimu. Umekula?" Nikamwambia nimekuja kumtoa. Ni kama hakusikia. Aligeukia mlango wa nyuma, akasema, "Wageni iko mbili kule nyuma ya choo. Kichwa imekauka. Kesho itamwaga mbegu."

Sikumsahihisha.

Nimeeleza yote niliyoyatenda na kuyaona, kwa hiari yangu, na lile neno "wamejificha" nilimfundisha mimi, ni langu, si lake.

Sahihi ya shahidi: M. Qamara

Maelezo haya nimeyaandika mimi, D.3816 Koplo Raphaeli. Nimemsomea shahidi, amekubali ni kweli, na amenisahihisha herufi mbili. Saa 10.05 jioni nilikwenda nyuma ya choo pamoja na mtuhumiwa. Wageni iko mbili, kama alivyosema. Amezikata shingo na kuzichoma mbele yangu. Ameachiwa arudi kwake kwa lori la saa kumi na moja.