Ile Sita ya Mzee Otuoma

Mpendwa Mama Shigela, naomba msaada kabla sijavunja uchumba kwa sababu ya kompyuta, maana nafanya kazi kituo cha takwimu za samaki hapa Pasiansi, na mchumba wangu Okumu ni mtoto wa mzee Otuoma, aliyestaafu hapohapo kituoni na ndiye aliyetunga programu zetu zote, sasa tumeletewa maktaba mpya, yaani mkusanyiko wa programu za kukokotoa majedwali ya namba, ina kasi kweli, lakini vile vipande vya programu vya mzee, vilivyokwisha kugeuzwa lugha ya mashine, inavikataa, nikapewa mimi kuviandika upya viendane nayo, na humo nikakuta mzee anaongeza sita kwenye kila saa ya mtumbwi kurudi mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, karani kaandika saa moja, mashine inatoa saba, nikaifuta ile sita kimyakimya ili asiaibike, sasa bosi anauliza mbona majibu mapya hayafanani na ya zamani, nikisema mzee alikosea miaka yote hiyo namdhalilisha baba mkwe, nikinyamaza kazi inaota mbawa, na Okumu anataka tupange siku ya harusi nami namkwepa, nifanyeje Mama?

Gladness

Gladness mwanangu, pole, ila nimecheka mpaka chai imenimwagikia. Hebu niambie, kazini unaingia saa ngapi? Saa mbili asubuhi, sivyo? Na kompyuta yako inaandika ngapi? Nane! Basi karani wa mwaloni naye anahesabu saa kama wewe. Dagaa wakishushwa jua limetoka anaandika saa moja, na mzee aliongeza sita ili mashine ielewe. Ulipoifuta umerudisha mitumbwi yote usiku wa manane, wakati karabai bado zinawaka ziwani.

Akili unayo, ulichokosa ni kuuliza. Heshima gani hiyo ya kumfichia mtu kosa ambalo hana?

Irudishe sita, na pembeni yake uandike ni ya nini, maana mzee hakuandika, na hilo ndilo kosa lake. Kisha pitisha rekodi zilezile kwenye vipande vya zamani na vipya mpaka majibu yalingane. Bosi mwambie ukweli, kwamba uliyefuta ni wewe. Atafoka, lakini hakufukuzi, kwani nani mwingine hapo anaijua hiyo maktaba mpya?

Jumapili nenda na Okumu kwao. Mpe mzee shikamoo, mweleze ulichomdhania. Akimaliza kucheka, mwambie mmekuja kupanga siku ya harusi.