Warusi Shambani kwa Baba

Washington, 3 Juni 1963

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila joto la huku litaniua. Mgongo wa Mama unaendeleaje?

Baba, kaa chini kwanza. Seneta ninayemfanyia kazi anataka tuwauzie Warusi ngano, lakini anaogopa wapiga kura watamwita mkomunisti. Sasa kuna wakulima wa Kirusi wanakuja kutembelea Kansas, na mimi kwa kimbelembele changu nimelitaja shamba letu. Waandishi wa habari watakuwepo. Seneta kaniambia waziwazi: wakifukuzwa, nifungashe virago. Naipenda kazi hii, Baba. Nakuomba.

Mwanao,
Rosina

Shambani, 9 Juni

Rosina,

Hatujambo. Mgongo wa mama yako ulipona aliposikia wageni wanakuja. Anasugua sakafu huku anaimba. Mimi siimbi. Babu yako, Mjerumani kama kijiji chao kizima, alitoka kando ya mto Volga huko Urusi na mbegu ya ngano sandukuni, akamwacha ndugu yake. Wakomunisti walipochukua mashamba, barua za ndugu huyo zikakatika mpaka leo. Halafu wewe unaniletea watu hao hao waje kunichekea! Si ungetaja shamba la jirani yetu Becker, mwenye mdomo wa asali?

Waje. Sitawafukuza. Lakini mkono wangu hawaupati.

Baba yako

Washington, 20 Juni

Baba,

Shikamoo. Wageni walikuja juzi, nawe kimya. Simu hupokei. Seneta hanisalimii, nimeanza kukusanya vitu vyangu. Umewafanya nini, jamani?

Rosina

Shambani, 23 Juni

Mwanangu,

Sisi wazima kabisa! Simu apokee nani? Tulikuwa shambani sote, hata mama yako.

Walifika wingu la mvua ya mawe limeshatanda, na dereva wangu wa lori yuko kitandani na homa. Nimewanunia, nimekunja uso. Unajua mila yetu: wakati wa kuvuna hakuna mgeni, anayekanyaga shamba anafanya kazi. Basi jitu moja, Gennadi, likatafuna punje, likatazama juu, likavua koti na kupanda lori langu. Bila kuuliza! Nikafoka, "Wee! Shuka!" Mkalimani akanijibu, "Anasema ugomvi baadaye, mvua inakuja."

Ningesema hivyo hivyo mimi. Nikarukia mashine ya kuvunia, yeye akaja na lori ubavuni, twende! Maofisa wa serikali yetu waliowasindikiza wageni wakamfukuzia na gari lao jeusi mpaka ghalani na kurudi, wamejaa vumbi hadi kope. Mzigo wa mwisho nilipanda lorini juu ya ngano, nikiwacheka hao maofisa, waandishi wakipiga picha; mawe yalipoanguka, ngano ilikuwa ndani.

Mezani mama yako akaweka mikate yetu ya kabichi na nyama. Gennadi akauma, macho yakajaa machozi. Mama yake alikuwa akipika vivyo hivyo, huko huko Volga. Nikamuuliza juu ya ndugu wa babu yako. Hakumjua. Ila alisema, mbele ya wenzake, kwamba wakati wa vita watu wetu wote, Wajerumani wa Volga, walipakiwa kwenye treni na kupelekwa mashariki, na wengi wako huko hadi leo. Mwenzake akamkanyaga mguu chini ya meza, akaendelea kusema.

Nilimpa mkono, Rosina. Nililia, mzee mzima mimi. Kisha tukaanza kucheka, hata padri akatusikia kutoka kanisani, akaja kuuliza kuna nini. Mwambie Seneta awauzie, na aseme ni mimi niliyesema. Kama amekufukuza, njoo nyumbani ule.

Baba yako

Washington, 1 Julai

Baba wee!

Shikamoo mara mia. Picha imetoka magazetini: Mrusi kashika usukani, wewe juu ya ngano, mdomo wazi kwa kicheko. Kumbe Seneta alikuwa akingoja kusikia watu watasemaje. Wamecheka nchi nzima! Kazi ninayo. Tena anakwenda Moscow Septemba na anataka mkulima wa kufuatana naye. Safari hii sikutaja mtu, amekutaja mwenyewe. Utakwenda?

Mwanao,
Rosina

Shambani, 6 Julai

Rosina,

Hatujambo. Mama yako ameshaninyoa. Suti ya harusi haifungi, anaipanua.

Mwambie nakuja. Ila hotuba zao wasikilize wenyewe. Wewe niulizie tu treni ya kutoka Moscow kwenda mashariki inaondoka siku gani.

Baba yako